Mfupa Ulikuwa wa Mama

Watu wa redio husema sauti ya dada yangu Hassie Deaton imetokana na shida. Wanalisema hilo kwa sauti ya chini, kama watu walioingia nyumba yenye msiba. Sisi tuliokua naye kwenye kijito cha Turkeypen, hapa milimani Kentucky, tunajua sauti ile ilitoka wapi. Ilitoka kwa mbwa wa Shangazi Dicey.

Mbwa mwenyewe aliitwa Sajenti. Alikuwa mkubwa kama ndama, hakupenda watu, lakini mifupa aliipenda mno. Na Hassie, akiwa na miaka kumi na miwili, ndiye aliyetumwa na Mama kuupeleka mfupa ng'ambo ya kijito, nyumbani kwa jirani yetu Dicey Spurlock. Ilimbidi aanze kuimba tangu kwenye mkuyu wa ukingoni mwa kijito, kwa nguvu zake zote, ili Shangazi asikie, atoke na ufagio, amzuie Sajenti kabla Sajenti hajamfikia yeye. Siku za upepo aliimba zaidi. Mimi nilikuwa na miaka mitano, nikimfuata nyuma nimeng'ang'ania gauni lake, kwa hiyo naweza kusema nilihudhuria maonyesho yake yote ya mwanzo, tena nikiwa mstari wa mbele.

Mfupa ulikuwa wa paja la nguruwe, lile linalokaushwa kwa moshi. Nyama iliisha kabla ya Krismasi, lakini mfupa wenye mafuta ndani yake hauishi upesi. Ukiuchemsha pamoja na maharage, maharage yanapata ladha ya kitu ambacho hakimo. Mama aliuchemsha Jumatatu, akautoa, akaufuta, akautundika kwa uzi juu ya jiko. Jumatano aliuchemsha tena. Alhamisi ulivuka kijito kwenda kwa Shangazi Dicey, maana mume wake alikuwa amevunjika mgongo kwenye machimbo ya makaa, na kwao hakukuwa na nguruwe hata wa kuchora. Jumamosi ulirudi. Kufikia mwezi wa tatu ulikuwa mweupe kama kikombe cha chai, na bado nyumba zote mbili zilisema maharage ya leo yamekolea.

"Lourana," Baba alimwambia Mama siku moja mezani, akiuelekezea kijiko, "mfupa huu umetembea kuliko mimi. Utashtukia siku moja umekwenda kupiga kura."

"Wewe kula," Mama akamjibu.

Sisemi tulikuwa na vitu. Tulikuwa watoto tisa kwenye vyumba vitatu, na kuta tulizibandika magazeti ili upepo uingie kwa adabu. Hassie alijifunzia kusoma ukutani. Kuna ukurasa Mama aliubandika juu chini, na mpaka leo Hassie anaweza kusoma kitabu kilichoshikwa na mtu aliyekaa mbele yake. Viatu vilipatikana mara moja kwa mwaka, baada ya Mama kuchimba mizizi ya dawa msituni na kuiuza dukani. Lakini ukimwambia Mama kwamba tulikuwa maskini, atakutazama mpaka ukumbuke una kazi mahali pengine.

"Hatukuwa maskini," husema. "Tulikuwa hatuna pesa, basi."

Baba, Shade Deaton, alikuwa na banjo aliyoitengeneza mwenyewe kwa ngozi ya mnyama fulani ambaye hatukuambiwa jina lake. Alimfundisha Hassie kuipiga barazani, akirudi machimboni na uso mweusi, macho tu ndiyo yanayoonekana. Hassie alipofika miaka kumi na sita akaenda mjini kuimba kwenye redio ndogo ya pale, kila Jumamosi asubuhi, kipindi cha wauza unga wa ngano. Hawakumlipa pesa. Walimlipa mfuko wa unga, na mfuko ule wa kitambaa Mama aliushona gauni, na gauni lile Hassie alilivaa Jumamosi iliyofuata kwenda kuusifia unga. Mtu akikuambia dada yangu alijua biashara tangu utotoni, muulize ni nani aliyekuwa anamtangaza mwenzake.

Kisha akaenda Ohio, kama walivyokwenda nusu ya watu wa bonde letu, kufunga vipuri kiwandani. Ijumaa jioni aliimba kwenye ukumbi uliojaa watu wa kwetu. Aliniandikia kwamba ilikuwa kazi nyepesi kuliko zote duniani: unataja jina la kijito chochote, na wanaume wazima wanaanza kutafuta leso. Alifanya hivyo miaka saba. Ndipo bwana mmoja mwenye studio kule Nashville alipomsikia, akamwambia aje, na aje na wimbo wake mwenyewe wa maisha yake.

Hassie akaandika wimbo wa mfupa.

Tulikuwa tumejaa sebuleni siku ulipopigwa mara ya kwanza. Baba alikuwa hai bado, amekaa karibu na dirisha kwa sababu ya kifua, maana vumbi la makaa lilikwisha kumjaa mapafuni. Mama alikuwa amevua aproni kwa heshima ya redio. Sauti ya Hassie ikaingia, safi, na sote tukatabasamu. Wimbo unasema kulikuwa na theluji. Sawa, theluji ilikuwepo. Unasema sufuria la maharage lilikuwa jikoni. Nalo lilikuwepo. Halafu unasema Mama akajifunga shali iliyotoboka, akavuka kijito, akagonga mlango wa jirani mwema, akaomba kuazimwa mfupa.

"Nani aliomba?" Mama akauliza.

Akamgeukia Baba.

"Shade, nani aliomba?"

"Ni wimbo, Lourana."

"Nasikia kama ni wimbo, mimi si kiziwi. Nauliza nani aliomba. Mfupa ulikuwa wangu! Nguruwe nilimlisha mimi, nikamwita Claude, nikalia alipochinjwa!"

Baba akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, ikabidi tumshike. Mama akaenda kuvaa aproni yake.

Wimbo ule ndio uliomfanya Hassie kuwa Hassie. Uliimbwa Texas, uliimbwa California, na kila ulipoimbwa mama yangu aliomba mfupa upya. Nyumba yetu nayo ikaanza kupungua. Mwaka wa kwanza Hassie aliwaambia watu wa magazeti kwamba ilikuwa na vyumba vitatu. Mwaka wa pili viwili. Mwaka wa tatu tulikuwa tumebakiwa na kimoja, na mimi nikawa naogopa tutaamkia nje.

Aliyefaidika ni Shangazi Dicey. Mwanzoni alicheka akasema, "Mtoto huyu kageuza." Mwezi wa pili akaacha kusema kageuza. Mwezi wa sita nilimsikia dukani akiwasimulia watu jinsi theluji ilivyokuwa nyeupe siku Mama alipobisha hodi. Alinunua kofia yenye ua la bluu, na watu wasiotufahamu walipopita kutafuta mahali alikokulia Hassie Deaton, yeye ndiye aliyewakaribisha barazani. Alikuwa mjane sasa, watoto wake wote wako Ohio, na Sajenti alikwisha kufa zamani. Sikuona ubaya. Ila Mama aliona, kila alipochungulia ng'ambo akaliona lile ua la bluu linatingishika.

Baba alifariki mwezi wa pili, barabara zote zikiwa barafu tupu. Wiki moja kabla ya hapo tulimbeba mpaka dukani kwenye simu, akaongea na Hassie. Pumzi ilikuwa inamjia kwa vipande. Alimwambia neno moja tu la maana: "Utanitolea mstari, siyo?" Hassie akaitikia. Alipofika kutoka California, tulikuwa tumemzika siku mbili kabla.

Kanisani kwetu hatupigi chombo, na vitabu ni vichache. Mmoja husimama akaimba mstari mmoja harakaharaka, na watu wote wakaurudia kwa pamoja, polepole, kila mtu kwa jinsi anavyoweza. Huko ndiko kutoa mstari. Na marehemu hukumbukwa kila mwaka makaburini, Jumapili ya pili ya Septemba kwa upande wetu, na familia ndiyo inayochagua nani atoe mstari wa mtu wao. Kwa Baba, familia maana yake ni Mama. Mwaka wa kwanza Mama alimchagua binamu mmoja mwenye mafua.

Mwaka wa pili Hassie akaja mwenyewe. Alikuja Ijumaa na gari refu la rangi ya maziwa, akasahau kwamba barabara ya kwetu na kijito ni kitu kimoja. Gari likazama mpaka milangoni. Lilivutwa na nyumbu wa kulimia wa Shangazi Dicey, huku Shangazi mwenyewe akitoa amri kutoka ukingoni, kofia kichwani. Hassie akapanda ngazi za baraza letu miguu mitupu, viatu mkononi, maji yanamchuruzika. Mimi na Mama tulikuwa tunatunga maharage mabichi kwenye uzi ili yakauke, mwanangu Denver amelala kikapuni.

"Mama," Hassie akasema.

"Nani huyo?"

"Mimi, Mama."

"Mimi yupi? Yule wa redioni mama yake ni ombaomba. Mimi sijawahi kuomba, kwa hiyo huwezi kuwa yeye."

Hassie akaketi kwenye ngazi. Akanitazama kama kuniuliza hali ya hewa, nikamwonyesha kwa macho kwamba ni mbaya.

"Mama, ni wimbo tu ule."

"Na mimi ni mama tu."

"Mwanzoni niliuandika kama ulivyokuwa. Kweli tena. Yule bwana wa studio akasema mwenye mfupa hanunuliki. Watu wanampenda anayeomba."

Mama akatunga maharage matatu kabla ya kujibu. "Yeye anao?"

"Nani?"

"Huyo bwana. Anao mfupa?"

"Nafikiri anayo mingi, Mama."

"Basi akaombe yeye, aimbiwe."

Nikainama kumfunika Denver, ambaye alikuwa amefunikwa vizuri, ili wasinione ninavyocheka. Nilipoinuka, Hassie hakuwa anacheka. Alikuwa anazungusha kiatu kimoja mikononi.

"Keshokutwa nataka nimtolee Baba mstari," akasema. "Aliniomba. Sikumzika, Mama. Nikikosa na hili sijui nitakaa wapi."

Mama hakumtazama. "Utatoa," akasema. "Lakini kwanza utasimama mbele ya watu wote useme mfupa ulikuwa wa nani, na nani alikuwa akiuazima. Usiposema, binamu yako hana mafua mwaka huu."

"Na Shangazi Dicey je?"

"Dicey ana masikio. Atasikia."

Jumamosi yote Hassie alinifuata jikoni kama nilivyokuwa nikimfuata yeye zamani. Tulikuwa tunaoka keki ya matufaha yaliyokaushwa, ile ya tabaka nyingi, kwa ajili ya chakula cha makaburini. Alikuwa amesahau unga kiasi gani. Mtu aliyeutangaza unga miaka miwili!

"Ollie," akaniambia, "nimesimama mbele ya watu elfu saba. Moyo haukunidunda hivi."

"Wale walikuwa wamelipa kukusikiliza. Mama anakudai maneno ya bure."

"Nikisema, namwaibisha Shangazi, mzee wa watu. Nisiposema, Baba analala bila mstari wangu. Wewe ungefanyaje?"

Nilimwambia ningepaka tabaka lililobaki kabla halijapoa. Jibu lile angalau lilikuwa la kweli.

Jumapili tukapanda kilimani. Mabenchi yalikuwa yamepangwa kati ya makaburi, vyakula vimefunikwa vitambaa kwenye meza ndefu chini. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida, na wengine, Mungu awasamehe, walikuwa wamevaa kwa ajili ya Hassie na si kwa ajili ya wafu. Shangazi Dicey alikaa benchi la mbele, upande wa pili kutoka kwetu, ua lake la bluu limepigwa pasi. Ndugu Enoch Barger alihubiri mpaka jua likahama, kisha akafuta jasho akasema, "Sasa tumkumbuke Ndugu Shade Deaton. Dada Lourana, nani anasimama?"

"Hassie," Mama akasema. "Ana neno kwanza."

Hassie akasimama karibu na jiwe la Baba. Alikuwa amevaa gauni la kawaida, nadhani aliliazima kwangu bila kuniambia. Denver alikuwa ananyonya chini ya shali yangu, na nilikuwa nimekaa bega kwa bega na Mama, nikimsikia anavyopumua.

"Wengi wenu mmeusikia wimbo wangu wa mfupa," Hassie akaanza. Sauti ilikuwa ndogo, ile sauti kubwa sijui aliiacha wapi. "Si wa kweli. Niliugeuza. Mama yangu hakwenda kuomba mfupa kwa mtu. Mfupa ulikuwa wake, na aliyekuwa akiuazima..."

Hapo nilimwona Shangazi Dicey akiivua kofia yake. Hakuivua kwa hasira. Aliivua taratibu, kama mtu aliyeambiwa amekalia kiti cha mwingine, akaiweka mapajani, akaifunika kwa mikono miwili. Nywele zake zilikuwa zimebaki chache sana. Akawa anatazama chini, akisubiri.

Mama naye alimwona. Nilijua kwa sababu pumzi niliyokuwa naisikia ilikatika. Kumlisha mtu kimya kimya ni jambo moja. Kumketisha mbele ya makaburi ya watu wake, mbele ya wajukuu na wageni, ukasema ni huyu hapa tuliyemlisha, ni jambo jingine. Nadhani Mama hakuwa amelifikiria hilo la pili mpaka alipoliona limekaa benchi la mbele bila kofia.

"Hassie!" akaita, akainuka.

"Naam, Mama."

"Umekuja kuimba au umekuja kupika?"

Watu wakacheka. Hassie akababaika. "Kuimba."

"Basi imba. Baba yako hajauliza habari za maharage miaka miwili sasa."

"Lakini Mama, ulisema nisimame nise..."

"Nilisema usimame. Umesimama, tumekuona. Toa mstari, watu wana njaa." Akaketi kwa kishindo, benchi zima likaruka na Denver akaachia ziwa. Kisha akainama mbele kidogo, akasema ng'ambo ile, si kwa sauti kubwa, "Dicey, vaa kofia, jua kali." Shangazi Dicey akaivaa. Aliivaa nyuma mbele, ua likakaa kisogoni.

Hassie akafumba macho akatoa mstari.

Lakini miaka ya jukwaani ilikuwa imemwingia kooni. Badala ya kuutoa harakaharaka kama inavyotakiwa, aliuvuta. Aliupandisha, akauzungusha, akaushusha taratibu kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala. Ulikuwa mzuri mno. Na watu wote, makaburi mazima, wakanyamaza kuusikiliza mpaka ulipokwisha, na ulipokwisha wakaendelea kunyamaza. Kuna mzee mmoja alikuwa amekwisha kunyoosha mikono kupiga makofi, mkewe akamfinya.

Kwetu hilo ni jambo baya kuliko yote. Ukitoa mstari watu wasiurudie, ni kama umebisha hodi kwenye nyumba unayosikia sauti za watu ndani. Hassie alifumbua macho. Nikaona uso wake umekuwa ule wa miaka kumi na miwili, pale kwenye mkuyu, siku za upepo. Alitutazama mmoja mmoja, na sisi tukamtazama kama tunavyotazama redio.

"Jamani, mmekuwaje?" Mama akasema. "Huyu si Hassie?"

Akauanza yeye. Mama yangu hakujaliwa kushika noti. Huimba kama mtu anayeita nguruwe waje kula. Aliurudia mstari peke yake kwa maneno mawili, matatu. Neno la nne nikasikia sauti nyingine, nyembamba, inayokwaruza, ikitoka benchi la upande wa pili, na lile ua likiyumba kisogoni. Ndugu Enoch akaingia na sauti yake nene. Kisha wakaingia wote, polepole, kila mtu kwa njia yake, mpaka mstari ukajaa kilima.

Hassie akatoa wa pili. Akauvuta tena, kidogo, kwa mazoea.

"Fupisha!" Mama akamwambia waziwazi. "Unatuchelewesha."

Wa tatu akaufupisha. Aliutupa kama tunavyoutupa sisi, kavu, bila mapambo, na watu wakaudaka kabla haujagusa chini. Nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka kwake, na Denver amenyamaza anasikiliza, nikajaribu kuitafuta sauti ya dada yangu ndani ya zile nyingine. Sikuiona. Ilikuwa humo, lakini haikuwa mbele ya mtu yeyote.